Buku sabini na kikapu kimoja: Feri mpaka Ilala na madenti wawili

Wanangu wa mjini, niliwaahidi kwamba safari hii tungekwenda Bagamoyo kula upepo. Naomba radhi, Bagamoyo ipo na haihami. Badala yake nimekwenda Feri, nikatoka Feri nikaenda Ilala, nikarudi Buguruni nikiwa nimelowa jasho na nanuka vibua. Na walionipeleka ni madenti wawili wa fomu tuu, mmoja mpwa wangu, mwingine shoga yake anayekaa naye dawati moja. Yule shoga nitamwita Mhasibu. Mtaona kwa nini.

Mambo yalianza hivi. Dada yangu amejifungua kwa upasuaji, siku hiyo ilikuwa ya kumi na mbili, na shemeji yuko barabarani na lori, simu yake ikishika leo Makambako kesho Tunduma. Dada akaniita chumbani, akafungua pindo la kanga, akanihesabia noti za msimbazi saba. Buku sabini. Akasema, "Hii ni wiki nzima, watu watano. Kitakachobaki ndiyo hela ya gesi. Na ubakishe."

Ile "na ubakishe" aliitamka taratibu, akiniangalia usoni. Ananijua.

Mtungi wao mdogo wa kilo sita uliisha siku mbili kabla hajaenda wodini. Tangu hapo nyumba inapika kwa mkaa, jiko liko kibarazani, na upepo wa Buguruni hauna adabu, unauchukua moshi wote na kuupeleka dirishani kwa mzazi na kichanga. Bibi, yaani mama yake shemeji aliyekuja kumuuguza, anasema moshi haujawahi kuua mtu, yeye kalelewa humo. Huku anakohoa.

Sasa piga hesabu na mimi. Mkaa pale wanachoma wa buku mbili kwa siku. Kwa mwezi ni elfu sitini. Kujaza mtungi pale mtaani ni elfu ishirini na nne, na kwao unakaribia kumaliza mwezi. Kwa nini basi watu hawajazi gesi? Kwa sababu elfu mbili hupatikana kila siku, na elfu ishirini na nne haipatikani hata siku moja. Serikali ilizindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Jambo jema. Lakini pale kibarazani mkakati wenyewe ulikuwa mimi, na rekodi yangu ya kutunza hela za watu haisomeki vizuri.

Wakati nakunja zile noti, mpwa wangu akatoa daftari. Mwalimu wao wa sayansikimu kawapa kazi ya likizo fupi: kila mwanafunzi aandamane na mtu wa nyumbani kwenda kununua mahitaji ya wiki, aandike kila kitu na bei yake, na kwa kila kitu ajibu maswali manne. Bei yake ni haki? Kimetoka wapi? Nani kaumia ili kifike hapa? Kikiisha, kitabaki nini?

Nikamwambia mpwa, mwalimu wenu anataka kuwafanya mawakili? Enzi zangu sayansikimu ilikuwa kukanda maandazi na kushona kifungo. Akanijibu, "Anko, twende mapema, Feri mnada hausubiri."

SAA KUMI NA MOJA NA NUSU, KIVUKONI

Madenti walivaa sare ili walipe nauli ya mwanafunzi. Konda akawatazama kwa chuki ile tunayoijua wote, akawaacha wapande. Mimi mia sita, wao mia mbili mbili, buku ikaondoka. Mhasibu akaandika kabla gari halijawaka.

Kama wewe ni wa mjini na hujawahi kufika Feri alfajiri, jua bado huijui Dar. Soko lipo pale Magogoni, Ikulu iko jirani kabisa, pantoni za Kigamboni zinapiga honi upande huu, na katikati ni bahari iliyojaa mashua na watu wanaoshuka na ndoo vichwani, maji yakiwa kifuani. Soko hilo lilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na limegawanywa kanda: huku mnada, huku kupara, huku kukaanga. Kunguru ndio wenye nyumba. Wamekaa juu ya paa wanapanga mashambulizi, na ukizubaa unaondokewa na kibua mchana kweupe.

Mnada una lugha yake. Dalali anamwaga samaki mezani, anataja bei kama anaimba, na wanunuzi wanaongeza kwa kunyanyua kidevu au kidole. Ukijikuna pua umenunua. Mimi nilisimama nyuma mikono mfukoni, kwa usalama wa dada yangu.

Sasa hapa madenti walinipiga bao la kwanza. Mimi nilikuwa nimeshalenga fungu la changu wadogo wadogo, wa kukaanga, bei poa kweli. Mpwa akauliza swali la pili la mwalimu: wametoka wapi? Muuzaji akajibu baharini. Kicheko. Lakini mama mmoja wa kupara, mtu mzima, kisu chake kimelika mpaka kimekuwa kama sindano, akamwita mpwa pembeni. Akamwambia, "Mwanangu, hao ni watoto. Changu akiachwa anafika kilo. Ukimla leo ana kiganja, mwakani utakula nini? Chukua vibua. Hao wanakuja kwa makundi na wanakua haraka."

Akaendelea kumsomesha, bure. Kwamba dagaa siku hizo walikuwa ghali kwa sababu mbalamwezi ilikuwa kali, na wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa. Mwezi uking'aa, dagaa hawaifuati taa. Kwamba kusi ikivuma bahari inachafuka na bei zinapanda, kaskazi ndiyo nafuu ya vyombo vidogo. Kwamba enzi za baruti, samaki aliyepigwa walikuwa wakimjua hapo hapo kwenye kupara: ukimpasua, ndani kumevurugika, damu imetapakaa, uti wa mgongo umekatika na nyama inalegea mkononi. Na kombora lile halichagui, linaua mkubwa na mdogo na kuvunja matumbawe yenyewe, nyumba ya samaki. Nilimaliza fomu foo nikafaulu biolojia kwa D, na sikupata kusikia somo la samaki lililonyooka namna ile.

Basi vibua. Lakini kibua kwa mchuuzi ni bei nyingine na kwenye mnada bei nyingine, na mnadani wanauza ndoo nzima, siyo samaki wanne. Hapa ndipo mjini panapokutaka uwe na mdomo. Mpwa akawaona akina mama wawili wanazunguka zunguka kama sisi, akawaamkia, "Shikamooni mama, tuchange?" Wakacheka, wakakubali. Ndoo ikashuka kwa elfu ishirini na moja, tukagawana mafungu matatu juu ya karatasi la boksi, elfu saba saba. Mmoja wa wale mama akadai fungu letu limezidi kichwa kimoja. Tukampa hicho kichwa. Kupara jero, kwa yule yule mwalimu wetu wa baharini.

Na hapa naungama jambo. Kulikuwa na baridi, kulikuwa na supu ya pweza inachemka, na mimi ni binadamu. Vikombe vitatu, jero jero. Buku na nusu. Nikamwambia Mhasibu hiyo asiandike. Akaandika.

KUTOKA POSTA MPAKA ILALA

Njiani gari likakwama kwenye foleni maeneo ya Kariakoo, na nikataka kurudisha heshima yangu, nikawaambia madenti historia kidogo. Kwamba jina Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwamba soko kuu lilibuniwa na msanifu wetu Mtanzania, Beda Amuli, miaka ya 1970, na yale mapaa yake kama miavuli iliyopinduliwa hayakuwa urembo mtupu. Yalikinga maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi. Mwaka 1975 tayari kuna mtu alifikiria tone la maji lisipotee. Moto ukaliunguza Julai 2021.

Mhasibu akauliza, "Wale wapagazi walilipwa?" Nikasema wengi walikufa kwa maradhi na njaa kabla hata ya swali hilo. Akanyamaza. Baadaye nikaona kwenye daftari ameandika pembeni: nani kaumia, Kariakoo. Sasa hiyo haikuwa kwenye orodha ya manunuzi.

Ilala tukashuka. Karume hatukuingia, ingawa mpwa alitupia jicho lile rundo la viatu vya mtumba. Nilimwambia buku sabini ya mzazi haina kiatu ndani yake.

Soko la Ilala asubuhi ni matope, matoroli, na sauti moja tu: "Pisha! Pisha! Mafuta hayo!" hata kama kilichobebwa ni karoti. Nyanya zinashuka kwenye magari matenga kwa matenga, nazi zimepangwa kama mafuvu, na vitunguu vinanuka mpaka mtu unaonekana una msiba.

Nyanya tulizikuta za sado. Wapo vijana wasiojua hili jina limetoka wapi: ni kopo la rangi ya Sadolin la lita nne, limegeuka kipimo cha taifa. Elfu tatu sado moja. Kijana muuzaji akajaza haraka, kilemba juu, akatoa na nyongeza mbili, mkarimu kabisa. Mimi nikatoa hela. Mhasibu akasema, "Kaka samahani, naomba nilione kopo." Akaliinua, akapitisha mkono chini. Kitako kilikuwa kimegongwa ndani, kimebonyea kama sahani. Kaweka kopo jingine la jirani pembeni, akahamisha nyanya zile zile. Zikafika shingoni tu.

Kijana akacheka cheko la aliyekamatwa. "Dogo, wewe askari wa vipimo?" Akatujazia. Lakini akasema kitu ambacho nilikaa nacho siku nzima. Alisema tenga analolinunua limejazwa kwa kupangiliwa: juu nzuri, katikati vibichi, chini zimepasuka. Yeye akipigwa huko, anapiga huku. Na kule shambani je? Kule mkulima anapimiwa lumbesa, gunia lililoongezwa kichwa juu na kushonewa kamba kama mtu aliyevaa kofia, analipwa gunia moja akiwa katoa moja na robo. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo mia, na Wakala wa Vipimo wanapiga kelele juu ya lumbesa kila msimu. Kwa hiyo mkulima anapigwa kwa kipimo kikubwa, na wewe mlaji wa Buguruni unapigwa kwa kipimo kidogo. Katikati hapo kuna watu wanajenga.

Mpwa akauliza, sasa tuandike nani kaumia? Mhasibu akasema aandike wote, ila kwa mwandiko mdogo, nafasi haitoshi.

Vitunguu kilo buku mbili, nazi mbili buku mbili, bamia buku. Haya yalipita salama. Tatizo likaja kwenye mchicha.

Mama wa mchicha alikuwa amekaa chini, gunia limetandikwa, mafungu matatu kwa buku. Mpwa wangu, nadhani amerithi kwa bibi yake, akaanza kupatana. Akataka sita. Mama akasema manne. Mpwa akageuka kuondoka, ile ya kuondoka bila kuondoka. Mama akaita, "Njoo mwanangu, chukua matano, unifungulie." Buku likalipwa, mpwa akatazama kwangu kifua mbele. Nami nikampongeza, nikamwambia huyu sasa ndiye mtoto wa mjini.

Mhasibu akachuchumaa mbele ya yule mama. "Shikamoo. Mama samahani, ni kazi ya shule. Tuta moja umenunua shilingi ngapi?" Mama, labda kwa sababu ya sare, akamjibu. Ananunua tuta zima shambani, anang'oa mwenyewe alfajiri, analipa wa toroli, analipa ushuru. Wakahesabu pamoja, mama kwa vidole, denti kwa kalamu. Kwa bei ya mafungu matatu anabakiwa na kitu. Kwa matano, kila fungu alilotuuzia alikuwa ametuongezea na hela yake mfukoni.

"Sasa mbona umekubali?" mpwa akauliza.

"Nilikuwa sijafungua, mwanangu. Ukishinda hujafungua, mikosi."

Mpwa akarudisha mafungu mawili. Hakuna aliyemwambia. Mama akakataa, akarudishiwa tena, akakataa, mwisho akayachukua akamwongezea kipande cha tangawizi. Tulipomuuliza mchicha umetoka wapi, akasema Ruvu. Ndugu msomaji, mchicha wote wa Dar ukiuuliza unatoka Ruvu. Hakuna muuzaji hata mmoja atakayekuambia unatoka bonde la Msimbazi, kule maji yanakopita na kila kilichomwagwa na viwanda na vyoo vya mji, ambako wataalamu wameonya mara nyingi. Mpwa akaandika "Ruvu" halafu akaweka alama ya kuuliza. Nyumbani bibi aliuosha maji matatu, hiyo ni yote tunayoweza.

DUKANI, NA YALIYONIKUTA

Unga kilo tano, mchele kilo tatu, maharage kilo moja, tulipima kwenye mizani yenye stika ya ukaguzi, tukapita haraka, hapakuwa na kisa. Elfu kumi na nane na mia tatu.

Kisa kilikuwa kwenye mafuta. Mangi wa kwetu anauza mafuta ya kipimo, jero kile kikombe kidogo. Usiku uliotangulia madenti walikuwa wamekipima kile kipimo kwa kifuniko cha dawa ya kikohozi ya dogo, chenye alama za mililita. Kikatoka themanini. Yaani lita moja ni vipimo kumi na viwili na nusu, sawa na shilingi 6,250. Lita nzima dukani Ilala, 5,200. Buku na hamsini inapotea kwa sababu tu mtu hana elfu tano kwa mpigo. Simlaumu Mangi, anakaa na ndoo, anakopesha, anafunga saa sita usiku. Lakini kadogo ndiyo bidhaa ghali kuliko zote nchini, na inanunuliwa na wasio nacho. Tukachukua lita.

Mpwa akageuza chupa kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Akaikuta, akaisoma, akaangalia na alama ya TBS. Akaniuliza, "Anko, tarehe zinaweza kufutwa?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikawasimulia, pale pale mlangoni, kikapu kiko chini. Nilipomaliza fomu foo na matokeo yangu yale, nilipata kibarua kwenye duka moja la jumla hapa hapa mjini, silitaji. Kazi yangu ya mchana ilikuwa kupakua. Kazi ya jioni, milango ikifungwa, ilikuwa pamba na spiriti. Maboksi ya juisi na biskuti za watoto yaliyopitwa yanaletwa, tunafuta tarehe, kesho yanashuka kwenda vichochoroni kwa bei ya kutupa. Miezi mitano nilifanya. Nililipwa vizuri, nikanunua redio. Na sikuacha kwa uchaji Mungu. Nilifukuzwa kwa kukutwa nakula zile biskuti.

Nilidhani watacheka kwenye biskuti, huwa watu wanacheka hapo. Kijiweni kile ni kisa changu bora.

Mpwa hakucheka. Akasema, "Vichochoroni wapi?"

Nikasema kote. Mbagala, Tandale, Vingunguti.

"Buguruni?"

Nikasema na Buguruni.

Alikuwa na miaka kama sita wakati ule, na juisi za paketi alikuwa anazipenda sana. Hakuniuliza tena. Akachukua mche wa sabuni wa elfu tatu, akalipa, tukatoka. Mhasibu alikuwa ameshika kalamu lakini hiyo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakuandika.

MFUKO

Tulikuwa na kikapu cha ukili cha bibi, kikubwa, kimebeba vyote. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha ya madenti kwenye swali la nne, kitabaki nini: kikapu kitaoza, mifupa italiwa na paka, maganda yataliwa na kuku wa jirani. Tangu Juni Mosi, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku, ukikamatwa nayo faini elfu thelathini, na ingawa vile vilaini vya kufungia bado unaviona vimenasa kwenye mitaro, mji ulipumua. Badala yake ikaja hii mifuko laini ya rangi, na pamoja nayo likaja jeshi la watoto wa kuiuza.

Mmoja wao akatukuta tunatoka. "Mfuko boss, mfuko, mia tatu." Mimi nikamwonyesha kikapu. Akageuka, halafu akasimama. Akamtazama mpwa. Mpwa akamtazama.

Walikuwa darasa moja shule ya msingi. Huyu kijana, mpwa anasema, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye hisabati, darasa la tano mpaka la saba, na Mhasibu mwenyewe hakuwa akimfikia. Alichaguliwa fomu wani, akasoma muhula mmoja. Baba alikufa, mama yuko na wadogo watatu.

Nami nikaingia na ushauri, maana wenye makala ndio zetu. Nikamwambia, dogo, shule ada hakuna, toka 2016. Na tangu Novemba 2021 kuna waraka, mwanafunzi aliyeacha anaruhusiwa kurudi. Alinisikiliza kwa adabu, mkono mmoja umebeba mifuko mia ya rangi zote. Akasema, "Najua bro. Ila mwenye nyumba naye ana waraka wake."

Wakakaa kimya wote watatu, namna wanavyokaa watoto wanapoona aibu na hawajui ni ya nani. Kisha yeye akauliza, "Siku hizi mmefika wapi kwenye hesabu?" Mhasibu akamwambia. Akasema, "Ile ya vipeo niliianza."

Mpwa akanunua mfuko. Wa bluu. Mia tatu, kutoka kwenye hela ya mama yake, wakati tuna kikapu.

JIONI

Tukarudi kwa daladala, nauli buku tena. Ukijumlisha zote tatu, elfu tatu. Mhasibu akapiga jumla juu ya stuli, mbele ya dada aliyekuwa ameegemea mto na mtoto kifuani. Matumizi elfu arobaini na saba na mia nane. Imebaki elfu ishirini na mbili na mia mbili. Gesi elfu ishirini na nne.

Pungufu elfu moja na mia nane.

"Na imepungulia wapi?" dada akauliza, akiniangalia mimi kabla hata daftari halijafunuliwa.

Mhasibu akasoma bila huruma: supu ya pweza, elfu moja na mia tano. Mfuko, mia tatu. Bila hivyo viwili, ingekuwa ishirini na nne kamili. Nilitoa ile buku na nusu mfukoni mwangu, ndiyo iliyokuwa nauli yangu ya kupeleka makala hii, nimetembea. Mpwa akaenda kwenye begi la shule akaleta mia tatu za andazi la kesho.

Usiku ule gesi iliwashwa, bibi akalalamika kwamba wali wa gesi hauna harufu, akala sahani mbili. Dirisha la mzazi lilikuwa wazi mpaka saa tatu.

Kazi ya mwalimu imerudi juzi. Vibua vimepata vema. Sado limepata vema na alama ya mshangao. Mchicha vema mbili. Kwenye mstari wa mfuko wa bluu, mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ulikuwa na kikapu. Eleza."

Mpwa ameniletea daftari nimsaidie kueleza, anasema mimi ndiye mwandishi. Nimekaa nalo siku ya tatu leo. Ule mfuko wenyewe umetundikwa msumarini nyuma ya mlango, haujabeba kitu.